Mananasi Hayasaidii: Kweli na Uongo Kuhusu Kilebu Anayekula Vinyesi Porini

Yeyote anayemtembeza mbwa mchanga katika Msitu wa Karura, kwenye vilima vya Ngong au vichakani pembezoni mwa Arusha anayajua haya. Kilebu wa miezi minne au mitano anakwenda kwa adabu kando yako. Ghafla kichwa kinainama, pua inaganda chini ya kichaka, na kabla hujaivuta kamba ameshatafuna. Digidigi alipita hapo usiku, au pongo, au kima walilala juu ya mti huo. Akiwa ni fungo aliyepita, utajua kwa harufu, na utaijua tena jioni kilebu akikujia kukulamba uso.

Simulia kisa hicho kwa majirani uone ushauri utakavyomiminika. Huyu atasema mbwa wako hana chumvi mwilini, yule atakuletea vipande vya mananasi, na mzee wa lango la pili atakwambia hayo yote ni kudekeza mbwa, dawa yake ni kofi. Bila shaka umeyasikia. Basi tuyapange foleni, tuyapime moja moja.

"Mbwa wa kawaida hali kinyesi. Huyo wako ana kasoro."

Si kweli. Mbwa hujifunza habari za kinyesi kabla hajafumbua macho: mama mbwa huwalamba watoto wake ili wajisaidie, kisha hula kinachotoka, na kwa majuma kama matatu ya mwanzo hiyo ndiyo njia yake ya kuyaweka malazi yao safi. Mbwa wa vijijini wanaojitafutia riziki nao hawachagui. Watafiti waliofuatilia mlo wa mbwa wanaozurura vijijini Zimbabwe walikuta kwamba kinyesi cha binadamu kilikuwa sehemu kubwa ya chakula chao. Na kinyesi cha swala, kwa pua ya mbwa, ni majani yaliyokwisha kusagwa, yakachachushwa na bakteria, yakaachwa bure njiani.

Usidhani pia kwamba hii ni tabia ya mbwa wa mtaani tu na kwamba mbwa wa ukoo mwenye vyeti ana heshima zaidi. Mwaka 2018 Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi uliokusanya majibu ya maelfu ya wenye mbwa. Takriban mbwa 16 katika kila 100 walikuwa wameonekana mara sita au zaidi wakila kinyesi cha mbwa. Umri haukuwa sababu, aina ya chakula haikuwa sababu, wala ugumu wa kufundishwa kujisaidia nje. Kilichojitokeza ni ulafi: mbwa anayefakamia chakula ndiye aliyekuwa na uwezekano zaidi wa kufakamia na hicho kingine. Uchunguzi huo ulihusu kinyesi cha mbwa, si cha wanyama wa porini, lakini unatosha kuondoa dhana ya kasoro.

"Anakosa madini. Mwongezee chumvi."

Mara nyingi si kweli. Kilebu anayekula chakula kamili cha mbwa hana upungufu anaokwenda kuuziba kwa kinyesi cha pongo, na chumvi ya ziada inaweza kumdhuru. Hata hivyo wazee walioshuku ugonjwa hawakuwa wajinga. Yapo maradhi yanayomtia mbwa njaa isiyoisha. Minyoo mingi tumboni ni mojawapo. Jingine ni udhaifu wa kongosho, ambapo mwili hautoi vimeng'enya vya kutosha kusaga chakula, na mbwa aina ya Jemani shepadi, ambao tunawapenda sana kwa ulinzi, huupata kuliko wengi. Dalili zake hazijifichi: anakula sana lakini mbavu zinahesabika, na kinyesi chake ni kingi, cheupecheupe, chenye mafuta. Dawa za steroidi nazo huongeza njaa. Ukiona hayo, nenda kwa daktari wa mifugo. Usipoyaona, acha kununua vikopo vya madini.

"Mchanganyie mananasi katika chakula, ataacha mwenyewe."

Uongo, tena uongo unaochekesha. Nadharia yenyewe ni kwamba mananasi hukifanya kinyesi cha anayeyala kiwe na ladha mbaya. Sawa, tuseme ni hivyo. Anayepaswa kula mananasi basi ni pongo wa Karura, si mbwa wako! Sijui nani atapita msituni usiku na sinia.

Hata kwa mbwa wanaokula kinyesi chao wenyewe, ushahidi hauko. Timu ya Davis iliuliza kuhusu dawa na unga 11 zinazouzwa madukani kwa kazi hiyo, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilifaulu kwa mbwa 2 katika kila 100. Hela hizo zinunulie maini. Nitakueleza baadaye ya nini.

Mpwa wa ushauri huu ni ule wa kunyunyizia pilipili. Uongo pia. Utainyunyizia wapi? Msitu wa Karura una hekta zaidi ya 1,000. Na wale wanaomlisha mbwa pilipili eti awe mkali wamtazame vizuri: hawapati mlinzi, wanapata mbwa anayeumwa tumbo.

"Mchape, umsugue pua humo humo, atakoma."

Uongo, na huu una madhara. Mbwa haunganishi kofi la sasa na kitu alichokimeza punde iliyopita. Anachojifunza ni kwamba ukimkaribia akiwa na kitu mdomoni, mambo huharibika. Mbwa mwenye akili atafanya nini basi? Atameza upesi kabla hujafika. Wengi wanaolalamika kwamba kilebu "ananifanyia makusudi, akiniona ninakuja ndiyo anafakamia" wamemfundisha wenyewe kwa kupiga kelele na kumkimbilia. Kumsugua pua ndiyo kichekesho zaidi: unamlazimisha kunusa kwa karibu kitu ambacho shida yako ni kwamba anakipenda.

"Ni utoto tu, akikua ataacha."

Kweli nusu. Vilebu huichunguza dunia kwa mdomo, na meno yanapobadilika, mpaka miezi sita hivi, kila kitu hutafunwa, jiwe, kijiti, kiatu chako. Wengi hutulia baadaye. Lakini kinyesi si jiwe, kina ladha, na mchovya asali hachovyi mara moja. Kila anapofaulu kukila amepata zawadi papo hapo bila kukuomba. Kilebu aliyeachwa ajizoeze mwaka mzima hukua na kuwa mbwa mzima mwenye ujuzi wa mwaka mzima.

"Kinyesi cha mla majani hakina neno, ni nyasi tu."

Kweli nusu, na hapa inabidi tukae kidogo.

Nusu iliyo kweli ni hii. Minyoo ya tumboni ya swala, mbuzi na ng'ombe imezoea matumbo ya wala majani. Ikiingia kwa mbwa kwa kawaida haipati makazi. Mayai yake hupita tu na kutokea upande wa pili. Jambo hilo huweza kuiponza hata maabara: sampuli ya kilebu wako inawekwa chini ya darubini, mayai ya minyoo ya pongo yanaonekana, na fundi asiye mwangalifu anaandika ugonjwa ambao mbwa hana. Kwa hiyo ukipeleka sampuli, mweleze daktari bila haya kwamba huyu anakula vinyesi vya porini, na ni vya nani.

Nusu ya pili inahusu mgeni aliyemo ndani ya kinyesi chenyewe: dundu, wale wanaobingirisha mavi. Kuna mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, na Kenya ni mojawapo ya nchi ambako mbwa wenye mnyoo huyo wanafahamika miaka mingi. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa au bweha aliyeambukizwa. Dundu huyameza, na ndani ya dundu viluwiluwi hukua. Kilebu akimtafuna dundu huyo, viluwiluwi hutoboa ukuta wa tumbo, husafiri katika kuta za mishipa ya damu hadi mshipa mkuu unaotoka moyoni, hukaa hapo kama miezi mitatu, kisha huhamia kwenye umio, njia ya chakula, na kujenga vinundu. Mbwa huanza kurudisha chakula, kudondosha mate, kukonda. Vinundu hivyo huweza kugeuka saratani.

Mbaya zaidi, tangu dundu aliwe hadi mayai yaonekane katika kinyesi cha mbwa hupita miezi mitano au sita, na hata hapo mayai hayaonekani kila mara. Kilebu mwenye matokeo safi ya maabara anaweza kuwa na safari hiyo yote ikiendelea kifuani mwake. Zipo dawa za kutibu na za kukinga, ila si kila dawa ya minyoo ya dukani inamgusa mnyoo huyu, kwa hiyo litaje jina lake mbele ya daktari wako. Na kumbuka kwamba dundu si mlango pekee: mjusi, panya, ndege au kuku aliyemla dundu huweza kuwabeba viluwiluwi hao hao.

Kuna pia farasi na ng'ombe wanaopita njia hizo hizo za kutembezea mbwa. Mnyama aliyepewa ivermektini hutoa sehemu ya dawa hiyo katika kinyesi kwa siku kadhaa. Mbwa wengi hawadhuriki, lakini jamii ya koli na jamaa zake huwa na kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia ubongoni. Ukimwona kilebu wa aina hiyo anayumba, anatetemeka au macho yamepanuka baada ya kula mavi ya farasi, usingoje kesho.

Vinyesi vya wala nyama ni habari nyingine, na hapo hata nusu ya ukweli haipo. Bweha na kilebu wako ni watu wa ukoo mmoja, na vimelea vyao ni vya ukoo mmoja: minyoo mviringo, minyoo ya safura, virusi vya parvo. Mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake za mwanzo, zinazokwisha akiwa na majuma 16 hivi, hana kazi ya kutafuta katika vyoo vya bweha. Akiwa mdogo kuliko hapo mbebe mikononi, aione dunia bila kuionja.

"Kikishakauka kimekufa, hakina wadudu."

Si kweli. Mayai ya minyoo mviringo yakiwa mabichi ndiyo hayana nguvu. Huhitaji majuma mawili au zaidi ardhini ndipo yaweze kuambukiza, kisha hudumu udongoni kwa miaka. Virusi vya parvo navyo hukaa miezi mingi. Jua kali huua viluwiluwi vya safura, na hapo wenye imani hii wana pointi yao, lakini chini ya kichaka cha Karura jua kali liko wapi?

Timu ya Davis iligundua jambo tamu hapa. Mbwa walao kinyesi cha mbwa, kwa kiasi kikubwa sana, huchagua kile kisichozidi siku mbili. Hart akapendekeza kwamba huenda ni urithi wa mbwa mwitu wa kale, waliosafisha pango kabla mayai ya minyoo hayajapevuka. Ni dhana yake, si jambo lililothibitishwa, ila naipenda.

"Kinyesi cha mnyama wa porini huleta kichaa cha mbwa."

Si kweli. Virusi vya kichaa husafiri kwa mate, hasa kwa kuumwa, wala havienei kwa kinyesi. Hofu yako iweke mahali pake: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa. Chanjo ya kwanza hupewa kilebu akitimiza miezi mitatu. Mzoga uliookotwa msituni ndio wa kuogopwa zaidi kuliko kinyesi.

Vivyo hivyo kuhusu uvimbe wa haidatidi, ugonjwa ambao Turkana imepata viwango vya juu kabisa kuwahi kurekodiwa duniani. Wengine hudhani mbwa huupata kwa kula vinyesi. Hapana, mbwa humpata tegu anayeusababisha kwa kula matumbo mabichi, maini na mapafu ya mifugo yenye uvimbe. Binadamu ndiye anayeambukizwa na kinyesi cha mbwa. Matumbo ya Krismasi na ya Iddi, basi, yachemshwe.

"Mate ya mbwa ni dawa, acha akulambe."

Si kweli, na la mbwa aliyetoka kula kinyesi halihitaji hata mjadala. Vijidudu vya Salmonela na Giardia havisubiri siku wala juma, vinahama siku hiyo hiyo. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, mpe maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wamkumbatie baadaye.

"Samaki mkunje angali mbichi."

Kweli, kweli tupu. Wazee hawakuwa na maabara lakini hapa waliona mbali. Kilebu hujifunza tangu wiki ya kwanza anapofika kwako, na kumfundisha kabla tabia haijaota mizizi ni kazi nyepesi kuliko kuing'oa.

Neno lenyewe, "Acha!", halianziwi msituni. Linaanziwa jikoni. Fumba kipande cha chakula ngumini, mwache anuse, alambe, akwaruze. Anapoirudisha pua nyuma, hata kwa nukta moja, mpe kitu kizuri zaidi kutoka mkono wa pili. Akishaelewa kwamba kuacha ndiko kunakolipa, taja neno. Kisha chakula kiwe sakafuni chini ya kiganja chako, kisha wazi, kisha uani, kisha barabarani. Msitu ndio mtihani wa mwisho, na wengi wanaofeli walianzia hapo.

Zawadi nayo iwe zawadi. Huwezi kushindana na kinyesi kibichi cha pongo kwa punje ya chakula kikavu alichokila asubuhi. Hapa ndipo yale maini yanapoingia: yachemshe, yakate vipande vidogo kama kucha, yabebe mfukoni, na asiyapate mahali pengine popote. Akiwa ameshakitia kinyesi mdomoni, usimkimbilie. Mshikie ini puani, abadilishane.

Lakini nisikudanganye. Katika uchunguzi ule ule wa Davis, waliotegemea amri na zawadi peke yake waliofaulu hawakufika 5 katika kila 100. Neno lisilo na mkono nyuma yake halina kazi, na ndiyo maana kauli inayofuata nayo naipitisha.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Kweli. Na kamba ya mbali haimzuii kilebu. Karura mbwa hutakiwa kufungwa kamba kwa ajili ya wanyama waliomo, nawe itumie sheria hiyo kwa faida yako. Kamba ya mita mbili inatosha. Zile zinazojikunjua zenyewe hadi mita tano zinampa nafasi ya kula mlo mzima wewe ukiwa bado unatafuta kitufe. Kamba ilegee, ukimsoma mwili wake: kabla ya kula, mbwa hupunguza mwendo, hugeuza pua upande mmoja, husogeza mkia tofauti. Sekunde hiyo ndiyo ya kusema "Acha!" Akishafungua mdomo umechelewa.

Soma na njia yenyewe. Digidigi hurudi kunya mahali pale pale siku baada ya siku, na fungo na pimbi nao wana vyoo vyao. Ukishavijua, katiza mbali navyo. Kilebu anavijua tayari.

"Kumfunga mdomo ni ukatili."

Inategemea unamfunga na nini. Kitambaa au mkanda unaobana taya ni ukatili kweli, kwa sababu mbwa hupoa kwa kuhema mdomo wazi, na akizuiwa katika joto anaweza kufa. Kikapu cha waya au plastiki kinachomruhusu kuhema na kunywa maji hakina ubaya, mradi umemzoesha taratibu kwa kumlisha ndani yake. Ila usitegemee miujiza: mlafi hukikandamiza kikapu juu ya kinyesi kibichi, na kazi ya kukiosha itakuwa yako.

Na wakati wote huo dawa ya minyoo ifuate ratiba: akiwa na majuma mawili, kisha kila majuma mawili hadi manane, kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila miezi mitatu.

"Yeye akijisaidia msituni ni mbolea tu."

Si kweli, ingawa wengi wanaolalamika juu ya kinyesi cha bweha huliamini hili. Magonjwa hayaendi upande mmoja tu. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti, viliwaua takriban simba 1,000, theluthi moja ya simba wa mbuga hiyo, vikavuka hadi Maasai Mara. Distempa huenea zaidi kwa pumzi na majimaji ya mwili, lakini parvo na minyoo husafiri moja kwa moja katika kinyesi, na dundu wa msituni hawaulizi kimetoka kwa mbwa wa nani. Mchanje kilebu wako, mpe dawa zake, na unapobeba maini mfukoni beba na mfuko wa kuzolea kinyesi chake.